Mhariri, pierogi haziwekwi chizi ya supamaketi

Kwa Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti barua. Hata gazeti lako huwa nalisoma la kuazima, linakaa kwa benchi ya kinyozi mlango wa pili kutoka kwangu, na mimi ni fundi wa nguo hapa Umoja, wateja wakipungua saa nane mchana naenda nalichukua, jioni narudisha likiwa limejaa nyuzi na yeye analalamika. Lakini hiyo makala ya mapishi mliyoweka juzi, ya chakula cha Wapolandi kinaitwa pierogi, imenikwama kooni kama mwiba wa samaki nikaona heri niandike niuteme.

Aliyeandika alisema nunua krimu chizi ya supamaketi, ponda na viazi, funga kwa unga wa ngano, chemsha, kwisha. Halafu akamalizia ati hiki ni chakula kigeni kabisa ambacho ndio kwanza kinabisha hodi Afrika Mashariki. Hapo nikaweka makasi chini. Kwa sababu mimi nimekula pierogi hapa hapa Nairobi, mtaa wa Jericho, kwa nyumba za kanjo, mwaka wa 1984 nikiwa na miaka saba, nimekalia debe lililopinduliwa kwa maana viti vilikuwa viwili na vyote vina wenyewe, na hazikuwa na krimu chizi yoyote, na aliyezipika hakuwa Mzungu, alikuwa baba yangu mzazi.

Baba alienda Polandi 1978 kwa skolashipu ya serikali ya huko, akasomee uhandisi wa nguo, yaani mashine za kusokota uzi na kufuma kitambaa. Wanafunzi wa kigeni walikuwa wanapelekwa kwanza Łódź, hapo kuna chuo cha kufundisha wageni Kipolandi kilianza 1952, unakaa karibu mwaka mzima unapigana mieleka na lugha ndio uanze kozi yako. Yeye hata hakuhama, kwa sababu Łódź yenyewe ndio ilikuwa mji wa nguo, viwanda vya pamba vya matofali mekundu tangu miaka ya 1800, na Politeknika iko hapo hapo. Hilo jina usilisome vile limeandikwa, sema kama "wuch", na maana yake ni mashua, ingawa mji hauna bahari wala ziwa. Baba anasema siku ya kwanza aliuliza maji yako wapi akaonyeshwa mfereji.

Sasa hapa Nairobi sote tunajua milki baa, pale unapiga maziwa lala na mkate nusu unaendelea na safari. Kumbe hata huko ziko, wanaziita bar mleczny, maana ni ile ile, baa ya maziwa, na ya kwanza ilifunguliwa Warszawa 1896 na mwenye mashamba mmoja anaitwa Stanisław Dłużewski. Wakati wa ukomunisti serikali ikazieneza kote na ikawa inazilipia sehemu ya gharama, so mwanafunzi na mzee wa pensheni wote walikuwa wanashiba kwa pesa ndogo. Unalipa kwa keshia, unapewa kijikaratasi, unakipeleka kwa dirisha la jikoni, chakula kikiwa tayari mama wa jikoni anapiga kelele. Baba anasema wengine walikuwa wanaitwa mara mbili tatu, yeye hakuwahi, huyo mama alikuwa anamjua kutoka mbali.

Na huko ndiko alikutana na pierogi ruskie. Hizo ndizo za viazi na chizi nyeupe. Makala yenu iliziita "pierogi za Kirusi" na mzee wangu nilipomsomea alipiga meza mpaka chai ikamwagika, kwa sababu ruskie si ya Urusi, ni ya Rus, eneo la zamani ambalo leo liko zaidi upande wa magharibi mwa Ukraini, na Urusi ilipovamia Ukraini 2022 mikahawa mingi ya Polandi ilifuta hilo jina kwa menyu ikaandika pierogi za Kiukraini ndio watu wasichanganyikiwe. Halafu kitu kingine, moja ni pieróg, nyingi ndio pierogi. Sisi nyumbani tulikuwa tunasema "mapierogi" na kila mara baba anaturekebisha, kwamba hiyo tayari ni nyingi, hauwezi kuiongezea ma, ni kama kusema mawatoto. Hatukuacha.

Njaa ilimkuta huko huko. Watu hawaamini nikisema Ulaya kulikuwa na njaa lakini ndio hivyo, sukari ilikuwa kwa kadi tangu 1976, nyama ikaingia kwa kadi 1981 na haikutoka mpaka 1989, na kadi haimaanishi utapata, inamaanisha unaruhusiwa kupiga foleni. Julai 1981 wanawake wa Łódź, wengi wao wafanyakazi wa hivyo viwanda vya nguo, waliingia barabara ya Piotrkowska wakaandamana maelfu kwa maelfu, wengine na watoto wao, juu ya chakula. Baba alikuwa amesimama kando ya hiyo barabara. Desemba tarehe 13 mwaka huo huo akaamka akakuta wanajeshi nje, sheria ya kijeshi imetangazwa, simu zimekatwa, na sisi hapa nyumbani hatukupata barua yake kwa muda mrefu, mama alikuwa ananiambia posta imelala.

Siku kumi na moja baadaye ilikuwa Krismasi ya huko, ambayo wao wanaishika sana tarehe 24 usiku, wanaiita Wigilia. Mwenzake wa darasani alimwalika kwao. Hiyo siku hawali nyama, wanangoja nyota ya kwanza itoke ndio waketi, sahani zinafaa kuwa kumi na mbili za vyakula tofauti, nyasi kavu kidogo chini ya kitambaa cha meza, na kuna nafasi moja inaachwa wazi na sahani yake kwa mgeni ambaye hakualikwa. Watu nikiwahadithia hapa wanadhani baba ndiye aliketi kwa hiyo sahani. Hapana, yeye alialikwa, alikuwa na yake. Hiyo nyingine ilikaa tupu usiku mzima na yeye, kijana wa miaka ishirini na nane ambaye hajashiba tangu Julai, alikuwa anaiangalia tu akiwaza kama inaruhusiwa kuhamia.

Alirudi 1984. Wewe Mhariri kama una umri wangu unajua huo mwaka, ukame, mvua ilikataa, mahindi ya njano kutoka Marekani, ugali wa rangi ya koti la mvua na watoto wanalia hawautaki. Mama alikuwa anapika huo ugali na baba anaula bila neno. Jumamosi moja akatoka asubuhi akarudi na unga wa ngano, viazi, kitunguu, akavua shati akabaki na fulana, akamwambia mama kaa chini leo. Sasa fikiria Jericho 1984, mwanamume amerudi kutoka ng'ambo na digrii, yuko mlangoni na jiko la makaa anakanda unga. Majirani walikuja mmoja mmoja wakijifanya wanaomba chumvi. Kuna mzee mmoja wa nyumba ya tatu alimwita mama kando akamuuliza kwa upole kama baba alilishwa kitu huko.

Nakumbuka vile alikuwa anafanya. Unga alikuwa anaukanda na maji ya moto, si ya uvuguvugu, ya moto, kama wewe unataka chapati laini, chumvi kidogo na mafuta kijiko. Anaufunika na sufuria dakika kama nusu saa. Anausukuma kwa kile kijiti cha chapati mpaka uwe mwembamba, anakata maduara kwa mdomo wa glasi, anaweka kijiko cha viazi katikati, anakunja inakuwa nusu duara, halafu anabana ukingo. Mimi kazi yangu ya ufundi nadhani ilianzia hapo, kwa sababu alikuwa anabana mara moja, anarudi tena anakunja ukingo juu yake kidogo kidogo kama pindo la gauni, na akiona nimeacha tundu ananiambia hiyo ni nguo bila ovaloki, itafumuka ndani ya maji. Na zilikuwa zinafumuka kweli. Sufuria moja haikosi mbili tatu zimepasuka na viazi vinaelea kama mawingu.

Hapo ndipo alikuwa anasema "Święty Jacku z pierogami!" Hiyo ni vile Mpolandi anashtuka, Mtakatifu Jacek na pierogi zake, ni mtawa wao mmoja wa miaka ya 1200. Sisi tulidhani ni tusi. Stima ikipotea, Święty Jacku. Mfereji ukikauka, Święty Jacku. Watoto wa ploti yote walijifunza wakawa wanaitumia wakikosa goli, sijui kama huyo mtakatifu alitegemea kufika Jericho kwa njia hiyo.

Majirani waliziita sambusa za maji. Walizila, lakini walikuwa na maoni.

Basi baada ya kusoma hiyo makala yenu nikasema wacha nijaribu, miaka imepita thelathini na kitu sijaonja hicho kitu. Baba alipata kazi kiwanda cha nguo, mitumba ilipojaa miaka ya tisini kiwanda kikafunga, na pierogi zikaisha pamoja na mshahara, hakuna aliyetangaza, ziliacha tu kupikwa. Nikafuata maagizo yenu neno kwa neno. Hiyo krimu chizi, Mhariri, ile pakiti ndogo, nililipa pesa ambayo ingeninunulia zipu za wiki. Nikapika, nikafunga kwa mkebe, Jumapili nikapanda matatu nikawapelekea wazee wangu kule mtaa wa Kahawa.

Baba sasa ni mzee wa miaka sabini na kitu, macho si mazuri, meno pia ni ya kuhesabu. Akachukua moja kwa mkono, akaiangalia pindo kwanza, nikaona amefurahi. Akauma. Akatafuna pole pole. Akaiweka chini akasema, "Hii ni keki imevaa koti."

Halafu akaniuliza, "Maziwa yalilala siku ngapi?"

Sikuwa na jibu kwa sababu sikujua kuna maziwa. Hapo ndipo niligundua kwamba kwa utoto wangu wote nilikuwa naona kile kitambaa cheupe kimening'inia juu ya karai kinadondosha maji, na sikuwahi kukiunganisha na pierogi. Nilidhani ni nguo inakauka.

So wacha niwaambie vile inafanywa, na nyinyi mkisahihisha makala msahihishe na hii. Chizi inayowekwa inaitwa twaróg, na inatokana na maziwa yaliyochacha yenyewe, ambayo Wapolandi wanaita zsiadłe mleko, yaani maziwa yaliyoketi. Baba anasema kwao yameketi, kwetu yamelala, lakini uchovu ni ule ule. Yaani ni maziwa lala! Kile kitu kiko kila kona ya mtaa! Unaenda kwa ATM ya maziwa na jagi lako unachukua lita tatu, lakini kwa sababu hayo yameshapashwa moto kiwandani hayatachacha vizuri peke yake, yatakuwa machungu tu, unayaongezea vijiko kadhaa vya mala ya kawaida kama mbegu, unafunika, unaacha mahali pa joto mpaka kesho, siku za baridi kama Julai hata kesho kutwa. Yakigandamana kama yogati unaweka sufuria kwa moto mdogo kabisa, na hapa ndipo watu wanaharibu, usichemshe. Unaweka kidole, kikivumilia ni sawa, kikishtuka umepita. Yakichemka unapata mpira wa raba. Taratibu tu utaona yanajitenga, mabonge meupe upande mmoja, maji ya kijani kijani upande mwingine, unazima, unaacha yapoe, unamwaga ndani ya kitambaa, unafunga fundo unaning'iniza usiku.

Mimi nilitumia marikani, mita moja, nimeichemsha kwanza ndio wanga utoke. Hiyo angalau kwa duka langu haikosi. Lita tatu zilinipa kama nusu kilo hivi, imeshikana lakini bado inamumunyika, na ukionja ina uchachu kwa nyuma ya ulimi, si sukari si mafuta. Nikaonja hapo dukani nimesimama saa moja asubuhi mlango haujafunguliwa na nikajikuta niko Jericho, kabisa, mpaka harufu ya makaa. Gharama yote haikufika nusu ya hiyo pakiti yenu.

Viazi kilo moja kwa hiyo nusu kilo ya chizi. Chukua zile shangi zinapasuka haraka kwa maji, zikaushe juu ya moto kidogo baada ya kumwaga maji, ponda zikiwa moto, acha zipoe ndio uchanganye. Chumvi, na pilipili manga mpaka uone aibu. Kitunguu kimekaangwa, nusu ndani, nusu juu. Zikitumbukizwa kwa maji yanayochemka zinazama, zikielea unahesabu dakika mbili tatu unatoa.

Jumapili iliyofuata nikarudi Kahawa na hizo. Baba alikula tisa. Sikumhesabia, ni mama alihesabu, kwa sababu ya daktari.

Lakini mimi, Mhariri, nilikula mbili na bado kuna kitu kilikuwa kinakosekana. Nikasema, baba, na nyama je? Kwa sababu kwa kumbukumbu yangu kulikuwa na vipande vya nyama juu, vidogo, vyeusi vyeusi, vinavunjika mdomoni kwa chumvi na utamu pamoja, hicho ndicho kitu nilikuwa nakingojea miaka hii yote. Baba akacheka mpaka akakohoa. Nyama ya wapi? Huko nyama ilikuwa kwa kadi, huku nyama ilikuwa mwisho wa mwezi. Hicho kilikuwa kitunguu, kimeungua. Wapolandi wenye nacho wanaweka vipande vya mafuta ya nguruwe, yeye alikuwa anaunguza kitunguu kwa Kimbo. Yaani nimewahadithia watoto wangu miaka mingi kuhusu nyama ambayo haikuwahi kuwepo.

Nikasema sawa, lakini pia hizi ni laini sana, zangu zilikuwa na gamba kwa nje, zinalia kriiich. Hapo mama, ambaye alikuwa ananyamaza tu anaosha vyombo, akageuka.

Akasema, "Wewe hukuwahi kula za baba yako. Ulikuwa unazitema. Ulikuwa unasema zinateleza kama konokono."

Ilibidi niketi. Kumbe vile ilikuwa ni hivi. Jumamosi baba anapika sufuria nzima, sisi watoto tunaonja tunakunja sura, zinabaki. Jumapili asubuhi mama, ambaye hawezi kutupa unga wa ngano mwaka wa njaa, anazichukua zikiwa zimeshikana baridi, anazikaanga kwa karai na kitunguu kilichobaki, pande zote mbili mpaka zinakuwa rangi ya mandazi, anatupa na chai ya maziwa kabla ya kanisa. Hizo ndizo nilikula. Hizo ndizo nimekuwa nikizililia. Na sifa zote za miaka arobaini nimempa baba, nimesimulia hata kwa harusi ya dada yangu na maikrofoni mkononi, mama amekaa hapo mbele anapiga makofi.

Baba naye, badala ya kunyamaza, akasema hata Łódź kesho yake wanazikaanga hivyo hivyo, ni kawaida. Mama akamwambia, "Mimi sikuenda Łódź." Na akarudi kwa vyombo vyake.

Tukakaanga. Sitaongeza neno hapo, mama aliziweka kwa karai yeye mwenyewe, akakataa nisaidie, na ile sauti, Mhariri, ile kriiich, ilikuwa ile ile.

Sasa kuhusu hii habari ya "chakula kigeni kinabisha hodi". Mwandishi wenu akipata nauli apande basi la Namanga ashuke Arusha, halafu achukue daladala ya barabara ya Moshi mpaka Tengeru, pale penye soko. Kuna makaburi ya Wapolandi, nimeyaona kwa macho yangu nilipoenda kununua vitenge. Hao watu Wasovieti waliwatoa kwao wakawapeleka Siberia na Asia ya Kati 1940 na 1941, halafu wakaachiliwa, wakatembea na treni na meli wakapitia Iran, na kuanzia 1942 Waingereza wakawaleta huku, wengi wao wanawake na watoto. Tengeru peke yake ilikuwa na kama elfu tano, kambi yao kubwa kuliko zote Afrika, na Uganda huko Masindi wengine walijenga kanisa ambalo mpaka leo liko. Sasa niambie, elfu tano, wanawake, watoto wanalia njaa, ng'ombe wa Wameru wako hapo jirani wanakamuliwa. Unadhani hakuna aliyelaza maziwa?

Sisemi mfukuze mtu kazi. Naomba tu mambo mawili. Kwanza mchape kwamba chizi ni ya maziwa lala, na ruskie si ya Urusi, mzee anangoja kuona. Pili, kuna watu wengi humu nchini waliosoma Polandi miaka hiyo, wengine walirudi na bibi, wengine na digrii, wengine na vyote, na najua mmoja wao lazima anajua pierogi za kabichi, zile za Wigilia, za kabichi iliyochachushwa na uyoga. Kwa sababu hizo baba alizipika mara moja tu, Krismasi ya 1985, na hata akaacha sahani tupu kama alivyoona huko, lakini Jericho mgeni asiyealikwa si mmoja, kabla ya nyota kutoka kulikuwa na watoto watano wa ploti wamepanga laini mbele ya hiyo sahani na pierogi ziliisha kabla sijaonja.

Kabichi nimeshaanza. Nimekata nyembamba, chumvi gramu ishirini kwa kila kilo, nimeikanda mpaka ikatoa maji yake yenyewe, nimeikandamiza kwa ndoo na sahani na jiwe juu isielee. Shida ni siku. Baba anasema ni saba, mama anasema alimwona kwa macho yake akiiacha kumi, na hawa wawili wakianza hivyo hawamalizi. Ndoo iko chini ya meza yangu ya kukatia nguo, leo ni siku ya nane, inatoa mapovu, na kinyozi amekuja mara mbili tangu asubuhi kuniuliza kama nimeangalia nyuma ya cherehani isiwe kuna panya amekufa. Anayejua aandike haraka.

Ni mimi,
Fundi wa nguo,
Umoja, Nairobi